Hayo ni maoni yako tu? Namna ya kuendesha kikao cha kupima madai ya dini

Kwenye mikesha ya matanga Siaya, katika vyumba vya walimu Nakuru, ndani ya matatu ya Kisumu kwenda Kakamega, mabishano ya dini huishia mahali pamoja. Mmoja husema, "Hiyo ni imani yako tu." Mwenzake hujibu, "Na yako ni yako." Kisha kila mtu hutazama dirishani, na alichokuja nacho ndicho anachoondoka nacho.

Mwongozo huu ni wa kiongozi wa vijana, mwalimu wa somo la dini, au mzazi mwenye dini mbili ndani ya nyumba moja, anayetaka mazungumzo yavuke hapo. Kikao huchukua dakika 110 na hakimgeuzi mtu dini. Kazi yake ni kumfanya kila aliyehudhuria ajue ni sentensi zipi za dini yake ambazo zingekuwa kweli au uongo hata kama yeye asingezaliwa, na zipi zinamhusu yeye peke yake.

Kanuni inayobeba kikao chote ni kwamba swali haliulizwi kwa dini nzima; huulizwa kwa sentensi moja moja. Kuuliza kama dini ni kweli au ni maoni ni sawa na kuuliza kama soko la Kibuye ni ghali. Ghali nini? Nyanya, mitumba au kuku wa kienyeji?

Kabla ya kikao

Watu 12 wanatosha. Wakipungua 8, mwenye sauti kubwa atakitawala kikao. Wakizidi 16, nusu yao watageuka watazamaji. Changanya madhehebu kadiri mtaa unavyoruhusu. Magharibi mwa Kenya hilo si tabu: kuna Mkatoliki, Mwanglikana, Msabato, mtu wa Kanisa la Marafiki, wa kanisa la Roho, wa Legio Maria, Mwislamu, na yule kijana asiyesali popote ila hathubutu kulisema mbele ya mamake. Huyo wa mwisho mtafute kwa makusudi, na usimtangaze.

Kuchagua siku kunahitaji hesabu. Jumamosi utawakosa Wasabato, Ijumaa adhuhuri Waislamu, Jumapili asubuhi karibu wote waliobaki. Panga Jumapili saa nane kamili mchana hadi saa kumi kasoro dakika kumi. Alasiri ya Kisumu huingia karibu na saa kumi, basi anayesali hatakuwa akichungulia simu. Usipange ndani ya Ramadhani wala wiki ambayo mtaa una matanga; aliyefiwa haulizwi ushahidi wa ufufuo. Upande wa Kakamega na Vihiga angalia paa kwanza. Mvua ya huko hupenda mchana, na ikipiga mabati yasiyo na dari hoja zote zitangoja. Tafuta ukumbi wenye dari, usiwe kanisa wala msikiti, kwa kuwa mgeni ndani ya nyumba ya ibada ya wenyewe hukubali kila kitu kwa adabu.

Vifaa ni karatasi 3 za manila, kalamu nene 4, selotepu, mkasi na simu ya kupimia muda. Kunja kila manila nusu kwa nusu mara nne, upate kadi 16, zote 48. Kila mtu ataandika 3, jumla 36, na zile 12 za akiba zitatumika maana kadi nyingine zitaandikwa upya. Biblia na Qurani zikae mezani, ila zisifunguliwe dakika 60 za kwanza. Salamu na kujitambulisha ni dakika 10. Ukiachia sala ya ufunguzi iwe ndefu utakuwa umeshapoteza robo saa.

Maneno kwanza: dakika 15

Sehemu hii huonekana ya kitoto, na ndiyo watu huiruka. Wakiiruka, kikao kizima hugombania maneno.

Andika ukutani: *Idadi ya mbuta walio hai katika Ziwa Victoria saa hii ni shufwa.* Uliza kama hiyo ni kweli au ni maoni. Mtu atacheka, "Nani atawahesabu?" Mwambie ameshika penyewe. Idadi hiyo ama ni shufwa ama ni witiri. Mvuvi wa Dunga akisema shufwa, amepatia au amekosea, ingawa hana ushahidi na hatapata yakini maisha yake yote. Ukweli wa sentensi hiyo uko ziwani, hauko kichwani mwake. Kwa hiyo tenganisha mambo matatu ambayo watu huyafunga tita moja: *kweli* ni jinsi mambo yalivyo, *ushahidi* ni kinachotupeleka huko, *yakini* ni jinsi moyo ulivyotulia. Jambo laweza kuwa kweli bila ushahidi. Moyo waweza kutulia tuli juu ya uongo.

Kisha andika: *Mrenda ni mtamu kuliko sukuma wiki.* Wape kipimo cha kutumia mchana kutwa, yaani kuongeza "kwangu mimi" mbele ya sentensi. "Kwangu mimi, mrenda ni mtamu" haijapoteza kitu, ni maoni. "Kwangu mimi, idadi ya mbuta ni shufwa" ni kichekesho. Sasa tupa ya tatu: "Kwangu mimi, Mungu yuko." Ukumbi utagawanyika. Usiwajibie. Wanaosema sentensi imeharibika wameielewa kama dai kuhusu ulimwengu. Wanaosema haijaharibika wameielewa kama habari ya moyo. Waache na mgawanyiko huo, utarudi.

Bakia kwenye Kiswahili dakika tano zaidi, maana lugha yenyewe inasaidia. "Ninaamini *kwamba* Mungu yuko" ni dai. "Nina*mw*amini Mungu" ni kumtegemea, kama unavyomwamini mweka hazina wa chama. Kiambishi kimoja kimebadilisha kazi ya kitenzi. Wanaosema imani haipimwi huwa na ile ya pili akilini, na wana haki: kumtegemea mtu hakupimwi kwa rula. Lakini kumwamini mweka hazina kunasimama juu ya dai kwamba pesa zipo. Kama hazipo, imani yako kwake ni safi na bado umeibiwa. Halafu kuna imani ya tatu, ile ya huruma: "mtu asiye na imani" aweza kuwa mzee wa kanisa anayempiga punda. Mtu akitaja imani, uliza ipi.

Na neno *maoni* limetoka kwenye *kuona*. Anayeona huona kitu. Ukimwambia mtu "hayo ni maoni yako," umemweleza macho ni ya nani. Hujasema lolote kuhusu kilichoonwa.

Kuandika kadi: dakika 15

Kila mtu aandike sentensi tatu za dini yake, au za msimamo wake kama hana dini. Jina lisiandikwe. Sentensi isizidi maneno 12, isianze na "naamini", na isiwe swali. Marufuku hiyo ya "naamini" ni ya muhimu, kwa sababu neno hilo huigeuza kila sentensi kuwa habari ya msemaji, na habari ya msemaji haipingiki.

Asiye na dini naye aandike kwa kanuni hizo hizo. "Siamini Mungu" haikubaliki; "Hakuna Mungu" ndiyo kadi. Hilo humshtua kidogo, maana ghafla naye ana dai la kutetea.

Ukutani, na mkasi mkononi: dakika 20

Bandika vichwa vinne: Yaliyotukia, Yanayopimika leo, Mungu na ghaibu (yasiyoonekana), Amri. Watu waje mmoja mmoja, wachukue kadi yoyote, waiweke wanapoona inafaa. Kadi isiyokaa mahali pamoja ikatwe. Mkasi ndio chombo kikuu cha kikao; kazi nyingi ya kufikiri hufanyika pale mtu anapotafuta pa kukatia.

Chukua mfano wa Menengai, ambako watu wa Nakuru huingia mapangoni kufunga na kuomba. Kadi ikisema "Nilifunga siku tatu Menengai, Mungu akanipa kazi," ina vipande vitatu. Kufunga siku tatu ni tukio. Kupata kazi ni tukio. "Mungu akanipa" ni dai la sababu, na liko kwenye ghaibu. Vipande viwili vya kwanza vikiwa kweli, cha tatu bado hakijathibitika wala kukanushika. Watu wawili wanaogombana kuhusu kadi hiyo mara nyingi mmoja ameshika kipande cha kwanza na mwenzake cha tatu.

Vivyo hivyo kwa ushuhuda wa ndani. Johana Owalo, mwanzilishi wa kanisa la Nomiya, alitoa habari za kuchukuliwa mbinguni mwaka 1907, na jina Nomiya kwa Kijaluo linabeba maana ya kupewa. Kwamba alitoa habari hizo ni historia. Kwamba aliona jambo lililomtikisa, ni vigumu kumbishia mtu aliyelibebea kanisa zima. Kwamba Mpaji alikuwa Mungu, hilo ni dai lingine, nalo haliwi maoni kwa sababu tu lilimfikia mtu mmoja. Kisima kilichoonwa na mtu mmoja kipo au hakipo.

Kadi ya Legio Maria, "Simeo Ondeto ni Masihi," kata kati ya mtu na cheo: kuna Ondeto, mwanzilishi wa kanisa hilo, aliyeishi na kufariki mwaka 1991, na kuna umasihi. Kadi ya mwezi nayo kata. "Mwezi umeandama" ni jambo la macho na mbingu, ndiyo maana mwezi huwa na siku 29 au 30 na Kadhi Mkuu hungoja habari za walioona. "Mwandamo ulioonwa nchi nyingine unatuhusu" ni kanuni ya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu. Waislamu wa mtaa mmoja wakifungua siku mbili tofauti, mara nyingi hawabishani kuhusu mwezi hata kidogo.

Tahadhari na kadi ya Sabato. Atatokea mtu aseme Jumamosi ni siku ya kwanza kwa kuwa ina "mosi" ndani yake. Kiswahili kimehesabu siku kuanzia baada ya Ijumaa, kwa juma la Kiislamu. Jina hilo halithibitishi chochote kuhusu siku ya saba ya Wayahudi. Kata: "Jumamosi ndiyo siku ya saba waliyoishika Wayahudi" iende kwenye yaliyotukia, "ni lazima tuishike" iende kwenye amri.

Kundi la amri usilichambue sana kikao cha kwanza. Kama maadili yana ukweli wake nje ya watu ni mjadala mwingine mrefu, na ukiuingiza hapa utakula saa nzima.

Kuzihoji kadi: dakika 40

Chagua kadi 4, dakika 10 kila moja. Sasa vitabu vifunguliwe. Maswali ni yale yale: Kama sentensi hii si kweli, ni nini kingekuwa tofauti? Mtu wa dini nyingine anakubali sehemu gani? Ushahidi wake ni wa aina gani? Mwenye kadi angebadili msimamo akiona nini? Swali la mwisho lisilazimishwe kujibiwa kwa sauti. Baadhi ya watu hulijibu njiani wakirudi nyumbani.

Anza na kadi ya msalaba, kwa kuwa inafundisha kuliko zote. Mkristo ameandika "Yesu alikufa msalabani." Qurani, sura ya 4 aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Zibandike kando kwa kando. Watu wapole watataka kuzitenga ili amani idumu, usiwakubalie. Hakuna anayepingana na jirani kuhusu mrenda kwa namna hii. Hawa wawili wanamwelekea mtu mmoja, mji mmoja, siku moja, na hawawezi kupatia wote. Atakayesema "zote ni kweli" anadhani amewaheshimu, kumbe amewaambia wote wawili kwamba hawamaanishi wanachosema.

Ushahidi wa kadi hii ni wa kihistoria. Barua za Paulo ziliandikwa miaka ya 50, yapata miongo miwili baada ya tukio. Tacitus, mwanahistoria wa Roma ambaye hakuwa Mkristo, alitaja mapema karne ya pili kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Wanahistoria walio wengi, wa dini na wasio wa dini, hukubali kusulubiwa. Mwislamu atajibu kwamba wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, unajua ambalo mashahidi hawakulijua. Jibu hilo si la kukimbia, ila tazama lilivyohama: mzigo sasa uko kwenye kadi nyingine, "Qurani ni wahyi." Chora mshale kutoka kadi moja hadi nyingine. Mkristo naye atafika pake akiulizwa kuhusu kufufuka, ambako hati peke yake hazitoshi na mtu huingia na anachokiamini tayari kuhusu Mungu. Mwisho wa kikao ukuta huwa na mishale mingi, na kadi tatu au nne tu ndizo zinazobeba nyingine zote.

Mtu akinuna kwamba kudai ushahidi ni kukufuru, vitabu vyenyewe vinamjibu. Qurani 2:111 inawataka wanaodai pepo walete dalili zao. Paulo katika 1 Wakorintho 15:14 anakiri kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yake ni bure. Huyo si mtu anayetoa maoni yake binafsi. Ameiweka dini yake mahali inapoweza kuanguka.

Kwenye yanayopimika, chukua maombi ya uponyaji. Mwaka 2006 Marekani ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali 6. Kundi la kwanza liliombewa bila kujua kama limeombewa au la. La pili halikuombewa, nalo halikujua. La tatu liliombewa na likaambiwa. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52, 51 na 59. Asiyeamini atashangilia mapema mno, na mwombaji atakataa mapema mno. Uliza utafiti ulipima nini hasa. Ulipima kama maombi ya watu wasiomjua mgonjwa, kwa siku 14 na maneno yaliyopangwa, hupunguza matatizo kwa wastani. Jibu la hilo ni kwamba haikuonekana. Haukuweza kuwazuia mama na wajomba wa kundi la pili wasiombe, na haukupima kama Mungu yuko. Aliyekuwa na kadi "Kila aombewaye hupona" ameshindwa, na ashindwe waziwazi. Aliyekuwa na kadi "Mungu husikia" hajaguswa, lakini sasa anadaiwa aseme kusikia huko kunaonekanaje.

Kanisa Katoliki lenyewe lina utaratibu mkali kuliko wachungaji wengi wa mikutano ya uwanjani. Lourdes, Ufaransa, kuna ofisi ya madaktari tangu 1883 inayochunguza waliodai kupona: ugonjwa uwe ulithibitishwa, uponaji uwe wa ghafla, kamili na wa kudumu. Kati ya maelfu ya waliodai, walioitwa muujiza hadi 2018 walikuwa 70. Ukiwa na kadi ya uponyaji, tumia vigezo hivyo. Mara nyingi kikwazo huwa karatasi ya hospitali ya kabla ya maombi, ambayo haipo.

Unabii wa tarehe una hila yake. Wafuasi wa William Miller, mhubiri wa Marekani, walingoja Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Hakurudi. Waliobaki na matumaini, ambao Wasabato walitokana nao, walieleza kwamba tarehe ilikuwa sahihi ila tukio lilikuwa katika patakatifu pa mbinguni. Msabato wa Gendia aliyelelewa na mafundisho hayo ana haki ya kuyatetea kwa Maandiko. Kiongozi wa kikao aonyeshe tu kwamba kadi imehama kutoka safu ya pili kwenda ya tatu, na kila kadi inayohama hivyo baada ya kushindwa ipigwe nukta nyekundu. Nukta moja si aibu. Kadi yenye nukta tatu haidai tena kitu chochote.

Kadi ya nne iwe ya Mungu mwenyewe, na hapa usiagize mjadala kutoka Ulaya wakati upo nyumbani. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Siaya, aliwahoji wazee wenye busara wa jamii mbalimbali za Kenya. Mzee Paul Mbuya Akoko alimwambia kwamba Wajaluo walikosea kudhani Mungu wao ni tofauti na wa wengine. Mungu ni mmoja kwa wote, na hoja yake ilikuwa utaratibu wa maumbile: miungu ingekuwa mingi yenye nguvu sawa, ulimwengu ungevurugika kwa ugomvi wao, lakini mbwa huzaa mbwa, hazai paka. Hata hivyo, Mungu ni nini hasa, akasema hilo hakuna awezaye kudai kulijua. Mwislamu wa kikao atashtuka, kwa sababu hoja ya miungu wengi na uharibifu iko kwenye Qurani, sura ya 21 aya ya 22. Mzee mwingine Mjaluo, Oruka Rang'inya, baba wa huyo mwanafalsafa, aliona ni kosa kumfanya Mungu kama mtu. Kwake Mungu ni wazo linalowakilisha wema wenyewe, na lina faida katika kuishi.

Watu wa jamii moja, kizazi kimoja, lugha moja. Mmoja anadai jambo kuhusu ulimwengu, mwingine anazungumzia wazo lenye manufaa. Wagawe watu pande mbili, dakika nne kila upande. Wa Akoko wajibu: utaratibu wa maumbile unathibitisha akili moja, au unathibitisha utaratibu tu? Wa Rang'inya wajibu: kama Mungu ni wazo, mjane anayeomba usiku anazungumza na nani? Hakuna upande utakaotoka bila jasho. Na angalia kwamba hoja hupimwa ingawa Mungu hapimwi: hoja yaweza kuwa na tundu au isiwe nalo, na tundu halijali dini ya anayelitazama.

Yanayoharibu kikao

"Kila mtu na dini yake." Itasemwa ndani ya dakika 20 za kwanza, mara nyingi na mtu mwema. Ni kanuni nzuri ya ujirani, na Katiba ya 2010 inailinda: kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikira, imani na maoni, na cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali. Lakini haki ya kushika sentensi haifanyi sentensi kuwa kweli. Msomee vifungu, kisha umuulize kama "hakuna dini iliyo kweli kuliko nyingine" si dai nalo. Mpe kadi aliandike. Akiibandika ataona linapingana na karibu kila kadi iliyoko ukutani.

"Ungezaliwa Lamu ungekuwa Mwislamu." Hii ina uzito zaidi kuliko wengi wanavyokiri, na inatumiwa vibaya zaidi. Mtoto wa Kisumu leo anajua malaria huletwa na mbu kwa sababu amezaliwa baada ya 1897, mwaka ambao Ronald Ross alionyesha vijidudu vyake ndani ya mbu. Angezaliwa miaka 100 kabla angelaumu hewa mbaya. Mbu hawajali alizaliwa lini. Mahali ulipopatia sentensi hapaamui kama ni kweli. Panaamua kitu kingine: ni kwa kiasi gani yakini yako ilitokana na ushahidi, na kwa kiasi gani ilitokana na mama. Mwenye kusikia hoja hii vizuri hapunguzi dai, hupunguza sauti.

Vita vya aya. Mmoja anasoma, mwingine anasoma, hakuna anayesikiliza. Weka kanuni: aya ni ushahidi wa kile dini inachofundisha. Kwa asiyekubali kitabu hicho bado haijawa ushahidi kwamba fundisho ni kweli. Kila msoma aya aeleze anaitumia kwa kazi ipi.

Msomi wa sayansi atakayesema kisichopimika si kweli. Muombe aipime sentensi yake mwenyewe. Inatosha, usimkejeli, maana ukikejeli hatarudi, na unamhitaji.

Mzee. Hili ndilo gumu kuliko yote, na halina uhusiano na falsafa. Mchungaji, ustadhi au mzee wa boma akisema mapema, vijana watafunga midomo, si kwa kukubali bali kwa heshima. Usimnyamazishe. Mwombe kabla ya siku, kwa faragha: "Mzee, tunakuomba uwe mshika muda, na neno lako tulipate mwishoni." Wengi hupokea hilo vizuri kwa sababu neno la mwisho ni la wazee tangu zamani. Kadi zisizo na majina nazo husaidia. Kijana hupinga kadi, hampingi mtu.

Na kuna mtu atakayetaka kadi yake isiguswe kabisa kwa kuwa ni mambo ya rohoni. Kama ni ya mwiliwe na sala yake, mwachie. Kama kadi inawaambia wengine waache dawa za kifafa, za ukimwi au chakula, haiachwi hata dakika moja. Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Hilo lilikuwa dai kuhusu ulimwengu, na lilipaswa kuhojiwa kama dai na majirani wote.

Dakika 10 za mwisho

Mpe mzee neno lake, dakika 3. Kisha kila mtu anyanyuke, ahamishe kadi moja tu ambayo sasa anaona ilikaa pabaya, bila kueleza. Kadi 5 au 6 zikihama, kikao kimefanya kazi. Isipohama hata moja, huenda uliruka sehemu ya maneno. Zikihama zaidi ya 10, kuna uwezekano mkubwa mtu mmoja aliwaburuza wengine. Jihadhari naye kikao kijacho.

Katibu apige picha ukuta kabla ya kubandua. Kikao cha pili kikae baada ya wiki 4, watu wale wale, na kianze na zile kadi zinazobeba mishale mingi. Vipande vilivyokatwa kwa mkasi vifungwe pamoja kwa klipu, kadi yake yote mahali pamoja, kwa sababu mwenyewe atakapoiomba ataomba kile kipande anachokipenda.